Mbu Mmoja, Mikono Mingi: Jinsi Kazi ya Utafiti Inavyoongozwa Entebbe

Watu wengi wakisikia habari za mtaalamu wa utafiti humfikiria mzee mmoja mwenye miwani, aliyejifungia chumbani pamoja na chupa zake, akingoja siku atakayotangaza kwamba amegundua jambo. Picha hiyo inapendeza, lakini haifanani na kazi yenyewe. Mwenye kutaka kujua jinsi elimu ya maradhi inavyopatikana na aitazame Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe. Humo hufanya kazi madereva, watunza stoo, wakamata mbu, walisha wanyama, wauguzi, mafundi wa maabara, makarani na madaktari. Juu yao wako viongozi, ambao kazi yao kubwa ni kuhakikisha kwamba mikono hiyo yote inavuta kamba moja.

Askari na polisi watalielewa jambo hili upesi. Kikosi chenye silaha nzuri na mpangilio mbaya hushindwa. Vivyo hivyo, maabara yenye mitambo ya fedha nyingi haina faida ikiwa damu ya mgonjwa imefika bila jina, au imefika siku tatu baada ya wakati wake. Katika kazi hii uongozi mbaya huleta hasara ya fedha, na mara nyingine huleta mauti.

LENGO MOJA, MIRADI MINGI

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 na Shirika la Rockefeller la Marekani kwa kushirikiana na serikali ya Uganda ya wakati huo. Jina lake la kwanza lilikuwa Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano, na jina hilo lilitaja lengo lake. Swali lililowakusanya watu wote pale lilikuwa moja: homa ya manjano hujificha wapi wakati ambapo hakuna binadamu anayeugua?

Hapa ni vema tutofautishe mpango na mradi. Mpango ni safari nzima, ambayo huenda ikachukua miaka ishirini. Mradi ni hatua moja ya safari hiyo: una mwanzo na mwisho, una mtu mmoja anayeuongoza, una watu wake na vifaa vyake, na una swali dogo linaloweza kujibiwa. Kiongozi anayechanganya mambo haya mawili hupata taabu. Akiwapa watu swali kubwa peke yake, hawajui waanze wapi asubuhi. Akiwapa maswali madogo yasiyofungamana, kila mtu atafanya kazi kwa bidii, na mwisho wa miaka hakutakuwa na jibu.

Entebbe walipanga vizuri. Kundi moja lilipima damu ya wananchi ili kujua ni wapi watu walikuwa wamekwisha kuguswa na ugonjwa bila wenyewe kujua. Kundi la pili lilichunguza kima wa msituni. Kundi la tatu lilikamata mbu. Matokeo yote yalirudi kwenye meza moja, na hapo ndipo habari za Bwamba, magharibi ya Uganda, zilipofunguka katika miaka ya 1940. Ilionekana kwamba ugonjwa hukaa kwa kima, ukipitishwa na mbu wa Aedes africanus aishiye juu ya miti. Kima wakishuka kuiba ndizi shambani, huumwa na mbu wa aina nyingine, Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji yanayosimama kwenye makwapa ya majani ya mgomba. Mbu huyo ndiye aliyeufikisha ugonjwa kwa binadamu. Hakuna kundi hata moja ambalo lingeweza kulipata jibu hilo likiwa peke yake.

ZAMU ZA USIKU MSITUNI

Miongoni mwa wataalamu wa wakati huo alikuwemo Alexander Haddow, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa taasisi. Alitaka kujua mbu huuma saa ngapi, na wakiwa kimo gani kutoka ardhini. Swali hilo ni jepesi kulitamka, lakini kulijibu kulihitaji watu kukaa msituni saa 24 mfululizo, wengine chini na wengine kwenye majukwaa juu ya miti, wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma na kuwatenganisha kwa saa na kwa kimo.

Msomaji aliyewahi kulinda lindo la usiku anajua ugumu wake. Usingizi huja, mvua hunyesha, na hakuna mkubwa anayekuona. Katika kazi ya Haddow, mkamata mbu ambaye angesinzia kwa saa moja, kisha akajaza daftari kwa kubahatisha, angeiharibu kazi ya wenzake wote, na tena asingejulikana. Kwa hiyo nguzo ya mradi ule ilikuwa mpangilio wa zamu, chakula na mapumziko ya kutosha, na uaminifu wa watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya vitabu. Faida yake ilikuwa kubwa. Ilithibitika kwamba Aedes africanus huuma kwa wingi juu ya miti katika muda mfupi baada ya jua kuchwa. Kama daftari la saa ile lingekuwa na uongo, elimu hiyo ingepotea.

Mwaka 1960 mnara wa chuma wenye urefu wa futi 120 ulihamishwa kutoka msitu wa Mpanga na kusimamishwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ili kazi hiyo iendelee kwa utaratibu ulio bora zaidi.

KIMA NAMBA 766

Jina la Zika sasa linajulikana duniani kote, na habari yake ina fundisho kubwa kuhusu uongozi wa utafiti. Mwaka 1947 kima kutoka Asia waliwekwa katika vizimba juu ya majukwaa ya msitu huo. Walikuwa kama walinzi: virusi vya homa ya manjano vikipita, wao ndio watakaougua kwanza. Kila mmoja alikuwa na namba yake, naye alipimwa joto la mwili kwa utaratibu uliowekwa.

Tarehe 18 Aprili joto la kima namba 766 lilipanda. Alipelekwa maabara, damu yake ikatolewa, na majimaji ya damu hiyo yakadungwa kwa panya weupe. Panya waliugua. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba hii haikuwa homa ya manjano. Vilikuwa virusi ambavyo havijapata kujulikana. Mwezi Januari 1948 virusi hivyo hivyo vilipatikana katika mbu wa Aedes africanus waliokamatwa katika msitu ule ule. Dick, Kitchen na Haddow walichapisha habari hiyo mwaka 1952.

Ni wazi kwamba jambo hili halikuwa katika mradi wao. Walitafuta kitu kimoja wakapata kingine. Kiongozi mwenye pupa angeweza kusema, "Hiki sicho tulichotumwa," na vichupa vikatupwa. Badala yake viliandikwa, vikahifadhiwa na kulinganishwa na vingine. Miaka ilipita bila ya dunia kuona faida. Ndipo mwaka 2015 ugonjwa wa Zika ulipoenea katika Brazil, na wanawake walioambukizwa wakiwa wajawazito wakazaa watoto wenye vichwa vidogo isivyo kawaida. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari kwa dunia nzima. Madaktari waliofungua vitabu kutafuta habari za adui huyo walikuta kazi ya Entebbe ikiwangoja, imeandikwa sawasawa, karibu miaka 70 kabla.

DHARURA IKIBISHA HODI

Kiongozi wa taasisi ana mtihani mwingine ulio mgumu kuliko huo. Mwaka 1959 maradhi mapya yalizuka kaskazini ya Uganda. Wagonjwa walipata homa na maumivu makali ya viungo, hata Waacholi wakayaita o'nyong-nyong, jina linaloeleza viungo vinavyovunjika na kulegea. Maradhi hayo yalienea hadi Kenya na Tanganyika, na inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 waliugua hadi mwaka 1962. Wataalamu wa Entebbe walivipata virusi vyake na kuonyesha kwamba vilienezwa na mbu wa aina zile zile zinazoeneza malaria.

Wakati kama huo kiongozi hana budi kuamua ni nani aache kazi yake aende kwenye dharura, na ni nani abaki. Akimwacha kila mtu katika mradi wake, ugonjwa utawatangulia. Akiwatoa wote, kazi ya miaka mingi itakatika, na mfululizo wa daftari uliokatika hauungiki tena. Kamanda mwenye busara huacha walinzi kambini hata vita vikipamba moto; mkurugenzi wa utafiti naye hufanya hivyo hivyo.

FEDHA ZIKIISHA, NANI HUBAKI?

Taasisi hii imebadilisha wenyewe mara kadhaa. Mwaka 1950 iliingia chini ya tume ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki, ikaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ikawa ya Uganda peke yake. Ulipokuja ukimwi, miradi mipya ilianzishwa pamoja na wafadhili wa nje. Mmoja wao, wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, umekuwa ukifuatilia afya ya wananchi wa Kyamulibwa tangu mwaka 1989.

Hapa pana hatari ambayo kila kiongozi wa utafiti katika Afrika anaijua. Fedha nyingi hutolewa kwa mradi mmoja mmoja, kwa miaka mitatu au mitano. Muda ukiisha, gari huegeshwa, na fundi aliyejifunza kazi kwa taabu huondoka kutafuta mshahara kwingine, akiondoka na maarifa kichwani mwake. Dawa yake si moja, lakini mambo manne husaidia. La kwanza, kila kazi iandikwe hatua kwa hatua, ili mgeni aweze kuifuata. La pili, kila mwenye ujuzi awe na mwanafunzi wake. La tatu, sampuli na madaftari viwe mali ya taasisi, visiwe vya mtu. La nne, taasisi iwe na lengo lake yenyewe, na mfadhili aje kusaidia lengo hilo. Akileta lengo jingine, taasisi itageuka kuwa nyumba ya kupangisha.

KUTOKA MUBENDE HADI ENTEBBE

Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba Ebola ya aina ya Sudan imeingia wilaya ya Mubende. Ugonjwa ulithibitishwa Entebbe, kwa damu ya kijana wa miaka 24. Kabla ya siku hiyo watu wengine walikuwa wamekwisha kufa bila ya sababu kujulikana. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo, na 55 kati yao walikufa.

Tazama mnyororo uliohitajika ili jibu lipatikane: mganga aliyeshuku, muuguzi aliyetoa damu akijihatarisha, karani aliyeandika jina na tarehe, dereva aliyeichukua, fundi aliyeipima, na mkubwa aliyepokea jibu akatoa amri. Kila kiungo kikichelewa siku moja, mgonjwa mmoja hupata nafasi ya kuwaambukiza wauguzi na jamaa zake. Ndiyo maana uongozi wa maabara huanza mbali na maabara, na dereva anastahili heshima sawa na mwenye hadubini.

MAFUNDISHO KWA NYUMBA ZETU

Familia nazo ni sehemu ya mnyororo huu. Mtoto akipata homa, mama au baba aandike siku iliyoanza, joto lilivyopanda, na mahali mtoto alikokwenda. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuliko maneno mengi ya kukisia. Wapimaji wakifika kambini au kijijini kutaka damu, waulizeni wazi watafanya nayo nini, na majibu yatarudi lini; hiyo ni haki yenu. Mkiridhika, wasaidieni. Maji yaliyosimama katika makopo na matairi nyuma ya nyumba yamwagwe, kwa kuwa mbu wa jamii ya Aedes hupenda kutaga humo.

Kwa kijana anayetaka kazi ya sayansi lakini hesabu zimempiga chenga, asikate tamaa. Taasisi za utafiti zinamhitaji mtunza stoo asiyeiba, karani asiyebuni, na mlinzi asiyelala. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Virusi ni vidogo mno kuliko chawa, na hadi leo hakuna mtu mmoja aliyeweza kuvishinda akiwa peke yake.