Je, Wajua? Mabaka ya Kahawia Kwenye Dungusi Kakati Si Lazima Yawe Kiu

Je, wajua kwamba dungusi kakati la sebuleni likitoka mabaka ya kahawia, maji ndiyo yanayoweza kulimaliza? Katika mkoa mkavu kama Shinyanga ni rahisi kudhani kila mmea unaougua una kiu. Lakini dungusi lenye kiu hunywea na kukunjamana mwili mzima, halitoi baka sehemu moja. Liguse baka hilo, kisha tazama limekaa wapi. Likiwa gumu kama gome, limeanzia shinani na kupanda polepole, ni uzee wa kawaida. Likiwa kavu, limepauka na liko upande wa dirishani tu, ni jua. Hata mmea wa jangwani huungua ukitolewa kivulini ghafla. Likiwa laini, lenye majimaji, ni uozo, na mara nyingi chanzo ni chungu kisichopitisha maji.

Wapo watakaosema, hasa Geita, kuwa ni vumbi la machimbo. Vumbi hufutika kwa kitambaa kilicholoa, baka halifutiki. Wengine watauliza mbona minyaa ya uani hunyeshewa tangu Novemba bila kuoza. Mnyaa si dungusi: ni jamii nyingine, yenye utomvu mweupe unaodhuru macho, na mvua huzama ardhini, haituami chunguni. Basi kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, usimwagilie. Palipooza, kata kwa kisu safi mpaka ufikie nyama isiyo na doa, kisha uache kidonda kikauke.