DAMU KUWA SHAHIDI MAHAKAMANI

Wengi wamesikia ya kwamba damu iliyodondoka nguoni yaweza kupelekwa kwa wataalamu, nao wakamjua mwenyewe. Maneno haya yana kweli ndani yake, lakini yana mpaka, nao ndio tutakao kuueleza.

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, mganga wa Vienna, alitangaza kwamba damu za watu si za namna moja. Makundi makuu huhesabiwa manne: A, B, AB na O. Mpimaji huchanganya damu na dawa za kujaribia. Chembe nyekundu zikishikamana mabonge, kundi hujulikana. Mwaka 1915 Leone Lattes wa Italia aliweza kupima hata damu iliyokwisha kukauka nguoni.

Sasa angalieni. Doa likiwa la kundi B, na mshtakiwa ni wa O, damu ile si yake: kipimo kimemwokoa. Lakini likiwa la A, naye ni wa A, bado halijathibitika kuwa lake, maana katika Uingereza watu kama 4 katika kila 10 ni wa kundi hilo.

Kwa hiyo mpimaji ni jambo kubwa sawa na kipimo chenyewe. Mwaka 1973 dereva mmoja wa lori alihukumiwa huko Scotland kwa kumwua mwanamke. Mtaalamu wa maabara ya serikali alishuhudia kwamba madoa ya maji ya mwili yalikuwa ya kundi A, kama mshtakiwa. Hakusema kwamba marehemu naye alikuwa wa A, basi kundi lililoonekana laweza kuwa ni lake yeye. Hukumu ile ilikuja kufutwa mwaka 1981.

Ndiyo sababu maabara njema haitegemei mtu mmoja. Mmoja hupima, mwingine mwenye elimu sawa huikagua kazi yake, na hati huonyesha kila mkono uliolishika doa. Tangu mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Leicester alipovumbua kipimo cha DNA, macho ya wataalamu yameona mbali zaidi. Lakini haja ya watu waaminifu haikupungua.

Nanyi wakubwa wa vijiji na walimu, nguo yenye damu isifuliwe. Iacheni ikauke, ifungeni katika karatasi safi, mwipeleke polisi upesi. Na mtaalamu akisema, "Kundi ni moja," na aulizwe: "Je, ni wangapi wengine walio na kundi hilo?"