Fedha za Barabara Ziteremke Hadi Mitaroni

Hakuna mwanafunzi wa shule ya upili asiyeijua methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Imeandikwa katika insha zisizo na idadi, na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu na walimu wasio na idadi. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba sisi watu wazima tunaoifundisha methali hii ndio tulioshindwa kuitii. Ushahidi uko papo hapo, nje ya lango la shule: barabara.

Mimi ni mkaazi wa Magwagwa, eneo la Mugirango Kaskazini katika kaunti ya Nyamira. Nchi yetu ni ya miinuko na mabonde, udongo mwekundu na mvua isiyotupa mapumziko marefu. Riziki ya wengi wetu ni majanichai, zao ambalo likishachumwa halina subira. Majani yakilala njiani kwa sababu lori limezama topeni, hupoteza ubora, na jasho la mkulima huishia hapo. Ndiyo maana kwetu suala la barabara si anasa ya wenye magari. Ni karo ya mwanafunzi na uhai wa mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini usiku.

Tuanze na elimu kidogo. Watu wengi hudhani kwamba barabara huharibiwa na magari. Kwa hakika adui wake mkuu ni maji. Mtaro wa kando ukiziba kwa nyasi na kifusi, maji hukosa njia na kupanda juu. Yakikuta lami yenye ufa, hupenya na kulainisha tabaka la chini, kisha uzito wa malori humaliza kazi. Yakikuta changarawe, huisomba yote hadi bondeni. Katika hatua ya kwanza tiba ni jembe na sepetu. Hatua ya pili huhitaji malori ya changarawe. Hatua ya tatu huhitaji mkandarasi, tingatinga na mamilioni ya shilingi. Maradhi ni yale yale. Kilichoongezeka ni kuchelewa kwa tabibu.

Benki ya Dunia ililitolea jambo hili hesabu mwaka 1988. Ilikadiria kwamba nchi zinazoendelea zilikuwa zimepoteza barabara za thamani ya dola bilioni 40 hadi 45, hasara ambayo ingeepukwa kwa matengenezo ya wakati ya chini ya dola bilioni 12. Huo ndio ufa, na huo ndio ukuta.

Je, sisi Wakenya hatuna fedha za kuziba ufa? Tunazo, na tumekuwa tukizitoa kwa miongo mitatu. Sheria ya mwaka 1993 iliweka tozo ya matengenezo ya barabara katika bei ya mafuta, na mwaka 1999 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Barabara ya Kenya ili kusimamia mfuko huo. Mwaka 2016 tozo ilipanda kutoka shilingi 12 hadi 18 kwa lita, na Julai 2024 ikapanda tena hadi 25. Kwa kiwango hicho, kijana wa bodaboda anayenunua lita tatu kwa siku huchangia barabara shilingi 75 kila jioni. Haulizwi kama anakubali. Hukatwa pale pale penye pampu. Hata mama asiye na baiskeli huchangia, kwani nauli na bei ya sukari dukani hubeba gharama ya mafuta.

Baada ya kutoa, tunaona nini? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la barabara za kaunti na kuiachia serikali ya kitaifa barabara kuu. Lakini mwaka 2024 magavana na wabunge walishikana mashati kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, kila upande ukidai ndio wenye haki ya kuzitumia. Waswahili wana neno lao kuhusu fahali wawili wapiganapo. Huku nyanjani, nyasi zilizoumia ni mitaro yetu, kwa kuwa mvua haingoji uamuzi wa Bunge wala wa mahakama.

Kisha mwaka 2025 serikali iliamua kutumia shilingi 7 katika kila 25 kama dhamana ya kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakiidai. Sibezi haja ya kulipa madeni. Mkandarasi asiyelipwa huondoa mitambo yake na kuacha barabara nusu uchi, na vibarua wake hulala njaa. Lakini mwalimu wa hisabati na awaulize wanafunzi wake: ikiwa asilimia 28 ya mapato ya kesho imekwisha kuahidiwa kulipa kazi ya jana, nani atazibua mtaro wa leo?

Kwa maoni yangu, jibu halimo katika kupandisha tozo tena. Limo katika kuhakikisha kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo, isiyoguswa kwa deni wala kwa siasa, inafika kila mwezi mahali ambapo uharibifu huanzia. Na jambo hilo si ndoto. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliotegemea nguvu za wananchi badala ya mitambo mizito. Takriban kilomita 8,000 zilijengwa kwa njia hiyo, na katika matengenezo mkaazi wa kando ya barabara alikabidhiwa kipande chake akilishe na kukitunza. Alifyeka nyasi, akazibua mitaro, akajaza mashimo, akalipwa kwa kazi iliyoonekana. Alikuwa mlinzi asiyehitaji kusafiri, kwani maji yakivunja kingo aliyasikia akiwa kitandani mwake.

Turudishe utaratibu huo Magwagwa na kwingineko. Vijana wetu waliomaliza masomo wapo, majembe yapo, na tozo imekwisha kulipwa. Kinachopungua ni masharti mawili. Kwanza, malipo yatoke kwa wakati, kwa kuwa kibarua hawezi kuikopesha serikali. Pili, katika kila soko na ofisi ya chifu libandikwe tangazo linaloonyesha kipande gani kinatunzwa, na nani, kwa shilingi ngapi. Mfuko usioonekana hutoboka bila mtu kujua.

Walimu wenzangu, hapa tuna kazi. Badala ya kuwaachia wanafunzi methali ya ufa na ukuta iwe pambo la insha, tuwatoe nje wakapime mtaro, wakadirie gharama ya kuuzibua, wailinganishe na gharama ya kuijenga barabara upya. Kizazi kitakachojifunza kufanya hesabu hiyo hakitaridhishwa na kiongozi anayekuja kukata utepe wa barabara mpya. Kitamuuliza kwanza kuhusu ile ya zamani.