Majivu ndani ya chuma cha Geita

Ukitaja Geita, watu hukuuliza habari za dhahabu. Mimi kilichoninyima usingizi ni mstari wa kijivu, mwembamba kuliko kidole, uliopita katikati ya kipande cha mwamba wa chuma.

Mwamba huo unapendeza: utepe mweusi wa magnetaiti inayonasa sumaku, utepe mwekundu wa silika yenye kutu, kisha mweusi tena na mwekundu tena, umepangwa kama kurasa za msahafu. Chuma na silika hiyo vilitua sakafuni mwa bahari takriban miaka bilioni 2.7 iliyopita, hewa ikiwa karibu haina oksijeni.

Mjiolojia aliyenionyesha, mama ambaye kazi yake ni kusoma miamba iliyochorongwa, hakuniruhusu niupite haraka ule wa kijivu. Ni majivu ya volkano, alisema. Chuma kilijikusanya polepole mno. Majivu yalishuka pengine kwa siku chache, maji yakatulia, chuma kikaendelea. Yeye huyathamini kwa sababu majivu ya aina hiyo huweza kubeba chembe za zirkoni, na ndani yake urani hugeuka risasi kwa kasi inayojulikana. Pima vyote viwili, umri utaupata. Tepe za chuma hazina saa hiyo.

Na volkano? Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza lava kongwe za Rwamagaza, jirani na hapo. Kemia yake iliwaelekeza kwenye bahari iliyofunguka nyuma ya safu ya volkano, pale bamba moja la gandunia linapozama chini ya jingine. Bahari ya Japani ilizaliwa hivyo. Dhahabu ilikuja baadaye: maji moto yenye salfa yalipenya nyufa, chuma kikanyakua salfa, dhahabu ikabaki.

Nilimuuliza yule mjiolojia nani alikitia kutu chuma kabla ya oksijeni kujaa. Anawashuku vijidudu vya baharini, lakini mwamba umekunjwa na kupikwa mno hata athari zao zimefutika. Wala hataki kuapa kwamba mabamba yalizama wakati ule kama yanavyozama leo, kwani dunia ilikuwa na joto zaidi. Na mlima uliotema majivu yale? Aliinua mabega, akageuza kipande upande wa pili, akaanza kutafuta mstari mwingine.