Mahali pa Kutia Kipima Joto cha Giaboksi

Wanachama kadha wa kadha wenye pikapu za gia otomatiki wametuuliza khabari ya kipima joto cha oili ya giaboksi: sensa yake yafaa itiwe wapi khasa? Wanaouliza zaidi ni wale ambao msimu wa karafuu ukisha huvuka kwenda Mrima, wakapakia mananasi ya Kiwangwa, wakapita Bagamoyo na kuteremka Dar es Salaam kuiwahi meli. (Karafuu hazimo katika safari hizo, zina mnunuzi wake, ZSTC.) Swali lao ni zuri, kwani giaboksi ikiungua, faida ya msimu mzima huishia gereji.

Kwanza tufahamu joto latoka wapi. Baina ya injini na giaboksi mna chombo kiitwacho tokikonveta, ambacho hupitisha nguvu kwa kuizungusha oili. Gari ikienda sawasawa katika barabara tupu, kama ile ya kilomita 64 kutoka Msata hadi Bagamoyo, chombo hicho katika magari mengi hujifunga, na oili haivurugwi sana. Lakini gari iliyojaa mzigo ikitambaa katika msongamano wa Bunju na Tegeta, au ikijikwamua katika mchanga wa njia za mashamba, oili huvurugwa bila ya kupumzika. Na kipimo cha joto la maji kilichoko mbele ya dereva hakitamwambia kitu. Mshale waweza kukaa kati na huku oili ya gia inapikika.

Mahali tunapopapendelea sisi ni kwenye sampo ya giaboksi. Oili iliyomo humo ndiyo inayovutwa na pampu kwenda kulainisha vyuma, basi joto lake ndilo joto la giaboksi yenyewe. Fundi aifungue sampo kwanza, asiitoboe ikiwa mahali pake, kwani chembe za chuma zitaingia ndani. Achomelee nati ubavuni, si chini kabisa ambako mawe hupiga, na apime vizuri ili ncha ya sensa izame katika oili bila ya kugusa chujio. Ikae mbali na ekzosi. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kwa bodi, kwa hiyo asizungushie utepe mwingi kwenye hesi.

Mahali pa pili ni katika paipu itokayo giaboksi kwenda kwenye rejeta, kwa kiungo cha T. Hapa mshale hupanda upesi sana, maana oili hiyo hutoka moja kwa moja katika tokikonveta, na huonyesha nyuzi nyingi kuliko sampo. Ni kazi nyepesi, ila yataka dereva asiye na wahaka. Tena paipu ikiziba, oili haipiti, na sensa itasoma uwongo. Kuitambua paipu hiyo, washa injini asubuhi ikiwa baridi. Itakayotangulia kupata moto ndiyo.

Fundi akitaka kuitia katika paipu ya kurudi, mkatalieni. Oili ya huko imekwisha poozwa.

Kabla ya kutoboa chochote, ulizeni kama gari ina sensa yake ndani. Magari mengi ya siku hizi yanayo, na kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari chatosha kuonyesha joto hilo bila ya kugusa sampo.

Katika sampo, nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni salama. Zikipita 120, oili huharibika upesi na sili huanza kukakamaa. Zikikaribia 150, klachi za ndani huungua. Mshale ukipanda, egesheni pembeni, tieni gia ya P, na muiache injini ikinguruma polepole, ili oili iendelee kupita katika rejeta mpaka joto lishuke. Msiizime mara moja.