Mguu Upimwe Ukiwa Umesimama

Muulize mtu mwenye mishipa iliyotutumka miguuni tatizo lake liko wapi, naye atakuonyesha mafundo yaliyo chini ya goti. Mpimaji mzoefu huanza juu, kinenani. Mshipa unaoonekana mara nyingi ni matokeo tu. Chanzo chake kimejificha mahali jicho halifiki, na kazi ya ultrasaundi ni kukitafuta.

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kupitia vena. Zile za ndani, zilizo katikati ya misuli, hubeba sehemu kubwa ya damu hiyo. Nyingine ziko karibu na ngozi. Ndefu kuliko zote, vena safena kubwa, hupita upande wa ndani wa kifundo cha mguu na kupanda hadi kinenani, inakojiunga na vena ya paja. Safena ndogo hupita nyuma ya mguu na aghalabu huingia ndani karibu na goti. Kila unapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu hukaza na kuisukuma damu juu; inapolegea, vali zilizomo ndani ya vena hujifunga ili damu isirudi. Vali zikishindwa kujifunga, damu hushuka, shinikizo hupanda na vena hutanuka. Mshipa ulio chini ya ngozi ukifikia upana wa milimita 3 au zaidi mtu akiwa amesimama, huitwa varikosi.

Ndiyo maana kipimo cha ultrasaundi hufanywa mtu akiwa wima, uzito ukiegemea mguu usiopimwa. Akilala, damu haina mteremko wa kushukia, na vali mbovu inaweza kuonekana nzima. Mpimaji hupaka jeli, huweka kipimio juu ya vena, kisha huliminya shavu la mguu kwa mkono na kuliachia ghafla. Anapominya, damu hupanda. Anapoachia, hapo ndipo penye jibu. Vali nzima hujifunga upesi sana. Damu ikishuka kwa zaidi ya nusu sekunde katika vena za karibu na ngozi, vali hiyo imeharibika. Kwa vena kubwa za ndani za paja na za nyuma ya goti, kikomo ni sekunde 1.

Mwelekeo huo wa damu hupimwa kwa Dopla, mbinu iliyopewa jina la mwanasayansi wa Austria Christian Doppler, aliyeeleza mwaka 1842 jinsi mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinaposogea. Mashine hulinganisha mawimbi ya sauti iliyoyatuma na yale yaliyorudi baada ya kugonga chembe za damu, kisha huonyesha tofauti hiyo kwa rangi. Wengi hudhani nyekundu ni damu safi na bluu ni damu chafu. Sivyo. Rangi huonyesha tu kama damu inakijia kipimio au inakikimbia, na mpimaji anaweza kuzigeuza kwa kubonyeza kitufe. Kipimo hiki hakitumii mionzi, kwa hiyo hata mjamzito hupimwa bila wasiwasi huo.

Vena za ndani nazo lazima zikaguliwe. Mpimaji huzibana kwa kipimio: vena nzima hubonyea kabisa, yenye damu iliyoganda hukataa. Hatua hii ina uzito wake, kwa kuwa njia ya ndani ikiziba, mishipa ya karibu na ngozi iliyovimba inaweza kuwa ndiyo njia ya mchepuko inayoutegemeza mguu. Kuiondoa bila kujua hilo ni kumwongezea mgonjwa madhara.

Hapa ndipo wagonjwa wengi huchanganyikiwa. Kutafuta damu iliyoganda na kupima vali ni uchunguzi wa aina mbili, ingawa mashine ni ile ile. Ripoti inayosema tu “hakuna damu iliyoganda” haijajibu swali la vali. Ripoti kamili hutaja vena gani inavujisha damu kurudi chini, kuanzia wapi hadi wapi, kwa muda gani, upana wake ni milimita ngapi, na vena za ndani zina hali gani.

Tiba hutegemea majibu hayo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unataka ultrasaundi ifanywe kabla ya kupanga matibabu, kisha unaanza na kuichoma vena kwa joto kutoka ndani. Isipofaa, kuidunga dawa ya povu. Upasuaji wa kuing’oa huja mwisho. Vena iliyopinda sana haipitishi kwa urahisi waya wa kuchomea. Na mafundo yakiondolewa huku vali mbovu ya kinenani ikiachwa, kuna hatari ya mengine kuota.

Si kila mwenye mishipa ya namna hii anahitaji tiba. Lakini ngozi ya karibu na kifundo ikibadilika rangi au kuwa ngumu, kidonda kikikawia kupona, au mshipa ukitoka damu, tafuta kipimo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.