Fahamu: Masharti ya kutengeneza vitakasa mikono

Machi 2020, corona ilipomaliza vitakasa mikono madukani, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu kwa muda hata viwanda vya pombe kali kuvitengeneza. Ruhusa hiyo ilikoma mwisho wa 2021, na haikuwa ya kiholela.

Mchanganyiko ulikuwa ule wa Shirika la Afya Duniani (WHO): ethanoli asilimia 80 au isopropanoli asilimia 75, gliserini ya kulinda ngozi, haidrojeni peroksaidi kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji hayo yana kazi. Bila maji, ethanoli haiharibu vizuri protini za vijidudu. WHO hutaka pia chupa zitengwe saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizojificha humo. FDA ikaongeza kwamba ethanoli itiwe kemikali ya kuifanya isinyweke, hasa kwa ajili ya watoto.

Lakini hatari kubwa ni methanoli. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ethanoli, nayo hupofusha na kuua. Mei na Juni 2020, katika majimbo ya Arizona na New Mexico, watu 15 walilazwa kwa sumu hiyo baada ya kunywa vitakasa mikono, wanne walifariki. Vifo hivyo vingeweza kuzuilika kwa kipimo cha maabara. Januari 2021, FDA iliwaelekeza watengenezaji kupima methanoli katika kila shehena ya alkoholi kabla ya kuitumia.